Mazoezi na Kuogelea kwa Mbwa: Dakika Ngapi Zinamtosha Mdogo, Ngapi Mkubwa (Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Uganda)

Malalamiko ninayoletewa ni mawili, miaka nenda rudi. La kwanza: "Mbwa wangu ana miezi mitano, nakimbia naye kila asubuhi, sasa anachechemea mguu wa nyuma." La pili: "Jumapili tulimpeleka ziwani tukamtupa majini ajifunze. Tangu siku hiyo akiona hata beseni anakimbia."

Wote hawa wanawapenda mbwa wao, na wote walisikia kwamba mbwa anahitaji mazoezi. Hawakuambiwa kipimo. Mbwa anafungiwa bandani Jumatatu hadi Jumamosi, halafu Jumapili anapewa mazoezi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Ni kama mgonjwa aliyesahau vidonge siku sita, siku ya saba akavimeza vyote.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mfugaji ninayekaa Entebbe, na mbwa wa watu hupita mikononi mwangu kufundishwa. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio wake, makosa haya mawili hayatakupata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Mkanda wa kifuani. Ule unaozunguka kifua na mgongo, si wa shingoni peke yake. Mbwa anayevuta kwa shingo hujikaba, na majini mkanda wa shingo ndio wa kwanza kunasa kwenye magugu.

Kamba mbili. Ya mita 2 kwa barabarani, na nyingine nyepesi ya nailoni yenye mita 8 hadi 10 kwa ajili ya maji. Usitumie kamba ya katani majini. Hunywa maji ikawa nzito na kumvuta mbwa chini.

Jaketi la kuelea la mbwa, lenye mpini mgongoni. Kwa Kampala si rahisi kulipata, na bei yake huuma. Usimvike la mtoto: majaketi mengi ya watu yametengenezwa yamlaze mtu chali, na mbwa aliyelazwa chali majini ni mbwa anayezama.

Maji safi ya kunywa, angalau lita 1 na nusu, pamoja na bakuli.

Taulo mbili kuukuu, kitambaa laini cha pamba kwa ajili ya masikio, kipimajoto cha kidijitali, na simu yenye saa. Simu ni ya kuhesabu dakika, si ya kupiga picha.

Kadi ya chanjo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza yenyewe.

## Hatua ya 1: Chanjo kwanza, barabara baadaye

Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya mseto akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo hiyo humkinga na parvo (virusi vya kuharisha damu), distempa (virusi vya mapafu na ubongo) na homa ya ini. Mwombe daktari aweke na ya homa ya mgunda ikiwa anayo, maana ugonjwa huo hukaa kwenye maji yaliyokojolewa na panya, na Kampala mvua ikinyesha mitaro yote hufurika. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka.

Kabla ya kumaliza, na kuongeza kama wiki 2 za kinga kukomaa, usimshushe barabarani wala kwenye maji ya wazi. Virusi vya parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kupita.

Hiyo haimaanishi umfungie ndani. Mbebe mikononi mtoke getini. Aone bodaboda, asikie honi, anuse mshikaki wa jirani. Mwenye mbwa wa miezi 4 anayetetemeka akisikia pikipiki ndiye huyo aliyengoja wiki 16 bila kumtoa nje hata siku moja.

Ukifanikiwa: kadi imejaa, na mbwa anatazama barabara bila kujificha nyuma ya miguu yako.

## Hatua ya 2: Jua mifupa yake imefika wapi

Ncha za mifupa mirefu ya mbwa mdogo hazijawa mfupa kamili. Kuna tabaka la gegedu laini ambalo ndilo linalorefusha mfupa, na tabaka hilo likiumia mguu unaweza kukua umepinda, au kiungo kikaharibika na kumsumbua maisha yake yote.

Gegedu hiyo hufunga kwa umri tofauti. Mbwa wadogo wa kizungu, kama Maltese, hufunga karibu na miezi 8 hadi 10. Mbwa wa kienyeji na wengine wa kimo cha kati, karibu mwaka 1. German Shepherd, Labrador na Rottweiler, miezi 14 hadi 18. Majitu kama Boerboel yanaweza kufika miaka 2.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. German Shepherd wa miezi 8 ana kimo cha mbwa mzima, anabweka kama mbwa mzima, na askari wa getini anamwogopa. Ndani ya miguu yake bado ni mtoto. Kumtazama hakutakuambia, hesabu miezi.

Mpaka umri huo upite, mambo haya yaache kabisa: kukimbia naye sambamba na baiskeli au boda, kumrukisha ukuta, kumrushia mpira mara hamsini mfululizo, kumpandisha na kumshusha ngazi za ghorofa kila siku. Ukiwa kwenye vilima vya Kampala kama Muyenga au Naguru, miteremko mikali nayo ihesabu kama ngazi.

## Hatua ya 3: Dakika za mbwa mdogo

Kanuni ya wafugaji ni nyepesi: dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, mara moja au mbili kwa siku. Miezi 3 ni dakika 15. Miezi 4 ni 20. Miezi 6 ni 30. Si sheria ya maabara, ni kipimo cha mkono kama kipimo cha chumvi, lakini kinawazuia watu kupita kiasi.

Dakika hizo ni za kutembea akiwa kwenye kamba, kwa mwendo ulioupanga wewe. Kucheza uani hakumo kwenye hesabu, kwa sababu akicheza peke yake akichoka hujilaza mwenyewe. Akiwa kwenye kamba hawezi. Anakufuata mpaka miguu ikatae, maana kubaki nyuma ya mtu wake kunamtisha kuliko uchovu.

Chagua majani au barabara ya vumbi, si lami. Mwache anuse. Watu huvuta kamba mbwa akinusa, wakiona anawapotezea muda, kumbe kunusa kunamchosha akili kuliko kutembea tu kichwa kikiwa juu.

Usishangae akirudi na kulala mchana kutwa. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na ni usingizini ndipo anapokua.

Onyo: akikaa chini katikati ya safari, safari imekwisha. Mbebe. Akichechemea zaidi ya siku moja, mpeleke kwa daktari. Usimpe panadol wala ibuprofen za binadamu, zinaweza kumuua.

Ukifanikiwa: anarudi ana furaha, anakunywa maji, analala, na akiamka anatembea sawasawa bila miguu kukakamaa.

## Hatua ya 4: Dakika za mbwa mkubwa

Kuna dhana moja lazima tuiondoe kwanza. Uganda mbwa wengi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde. Mwenye nyumba husema, "Huyu anazunguka uani usiku kucha, mazoezi gani tena?" Mbwa huyo analala mlangoni, ananyanyuka akisikia paka, anabweka dakika 2, anarudi kulala. Uwanja ule anaujua kila jani. Hiyo ni kazi ya ulinzi, na ndiyo maana anachimba mashimo na kutafuna viatu vya wageni.

Vipimo vya siku moja, kwa mbwa mzima asiyeumwa:

- Mbwa wa kienyeji: kama saa 1, ukiigawa mara mbili.
- German Shepherd, Labrador, Malinois: saa 1 na nusu hadi 2. Malinois hata baada ya hizo atakuuliza "kisha?"
- Rottweiler na Boerboel: dakika 60 hadi 90, za kutembea zaidi kuliko kukimbia, maana wana uzito na joto huwaelemea.
- Maltese, Japanese Spitz na wenzao: dakika 30 hadi 40.
- Wenye pua fupi, kama Pug na Bulldog: dakika 20 hadi 30, zigawanye, na iwe asubuhi na mapema tu. Njia zao za hewa ni nyembamba na hawawezi kujipoza vizuri.

Mbwa aliyekaa bandani miezi mingi usimrukishe kwenye hesabu hizo. Anza na dakika 15 asubuhi na 15 jioni wiki ya kwanza, kisha ongeza dakika 5 kwa kila safari kila wiki. Misuli hujengeka kwa wiki kadhaa. Ngozi ya nyayo nayo inahitaji muda. Mbwa wa kwenye sakafu ya saruji ana nyayo laini, na changarawe ya siku ya kwanza humchubua.

Mzee wa miaka 7 au 8 na kuendelea usimwachishe mazoezi. Mpunguzie urefu, mwongezee idadi: safari tatu fupi humfaa kuliko moja ndefu.

Ukifanikiwa: baada ya wiki 3 au 4 mashimo uani yanapungua, kubweka ovyo kunapungua, na ukipapasa mbavu unazihisi bila kuzitafuta.

## Hatua ya 5: Saa ya kutoka, na sufuria ya posho

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu. Kando ya ziwa hewa ni nzito ya unyevu, kwa hiyo nyuzi 28 za Entebbe zinamchosha kuliko nyuzi 28 za mahali pakavu.

Toka kabla ya saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Hapa kwetu jua huchomoza karibu saa 12 na nusu au saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo una muda. Nikitoka alfajiri mimi hukwepa njia ya msikitini mpaka waumini wawe wamesharudi makwao. Mtu aliyetawadha hapaswi kuguswa na mate ya mbwa wangu, na jirani asiyekasirika ni ulinzi kuliko mbwa mwenyewe.

Kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa kiganja chako juu yake na uhesabu mpaka 7. Ukishindwa kufika, nyayo zake pia zitashindwa.

Chakula nacho kina saa yake. Wengi wetu tunampa mbwa mlo mmoja mkubwa, sufuria ya posho (ugali) na mukene (dagaa) jioni. Mbwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd na Boerboel, wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, na mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza hatari hiyo. Ugawe mara mbili. Baada ya kula, subiri kama saa 2 kabla ya mazoezi. Baada ya mazoezi, ngoja kuhema kuishe ndipo umwekee bakuli.

Onyo: ukiona tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, na mbwa anajaribu kutapika hakitoki kitu, usisubiri asubuhi. Huo ni upasuaji wa dharura, na kila saa ina thamani.

## Hatua ya 6: Chagua maji

Nianze na jambo litakalowaudhi wapenzi wa ufuo: hakuna mbwa anayelazimika kuogelea. Hatua ya 3 na ya 4 zinamtosha. Kuogelea ni nyongeza nzuri, hasa kwa mbwa mnene au mwenye viungo vinavyouma, kwa sababu maji humbebea uzito. Huna maji salama? Acha, hujamnyima kitu.

Maji yetu ni haya.

Ziwa Victoria upande wa Kampala. Mtaro wa Nakivubo humwaga maji machafu ya jiji katika Ghuba ya Murchison, na uchafu huo ni mbolea inayolisha mwani. Ukiona maji ya kijani mfano wa rangi iliyomwagika, au utando unaonuka ufukweni, geuka urudi. Aina fulani za mwani huo zina sumu, na mbwa haogelei tu, hunywa na kujilamba manyoya. Anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mamba na viboko. Wapo Ziwa Victoria na wapo Mto Nile. Usitegemee macho yako. Nenda kwenye mwalo uulize wavuvi. Nilipohamia huku nilimwuliza mmoja aliyekuwa anashona wavu:

"Mzee, hapa naweza kumwogesha mbwa?"

Alimtazama mbwa kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Kijana wangu, hapa unaweza. Pale kwenye matete, hata mimi siogi."

Kilichonigharimu ni kumsalimia tu. Mwulize pia kuhusu ndoano: za sangara huwekwa chambo cha samaki, na zikitupwa ufukweni mbwa humeza chambo na chuma chake.

Kichocho. Huyu mdudu ni wako wewe zaidi. Konokono wa maji humwachia, naye hupenya ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji yaliyotulia, hasa penye majani. Tangu mwaka 2003 serikali imekuwa ikigawa dawa ya praziquantel katika wilaya za kando ya maziwa, na ugonjwa bado upo. Ukiingia majini na mbwa, vaa gambuti ndefu za kufika mapajani, na umweleze daktari wako kwamba huwa unaingia ziwani.

Ziwa Bunyonyi, Kabale. Halina mamba wala viboko, ndiyo sifa yake. Lakini liko juu sana, karibu mita 1,960, kwa hiyo maji ni ya baridi kuliko Victoria, na ukingo wake huporomoka ghafla: hatua mbili uko magotini, ya tatu huoni chini. Fupisha muda, na jaketi ni lazima.

Mashimo ya matofali, yale yaliyochimbwa udongo yakajaa maji. Yaacheni, tafadhali. Kuta zake ni udongo unaoteleza, na mbwa aliyeingia hana pa kukanyaga akitoka. Watoto huzama humo, sembuse mbwa.

Bwawa la mtu binafsi ndilo salama kuliko yote, kwa sharti moja: mbwa aonyeshwe ngazi za kutokea kabla hajaonyeshwa maji.

Karai. Kwa mbwa mdogo hili linatosha kabisa. Karai la kuchanganyia saruji, lililooshwa vizuri, maji ya vuguvugu ya kufika kwenye viwiko vyake, uani kwako.

## Hatua ya 7: Mfundishe, usimtupe

Shemeji yangu alimtupa mbwa wangu, Chui, kutoka kwenye mtumbwi. Hakuwa na nia mbaya. Alilelewa kwenye kisiwa, na yeye mwenyewe alitupwa hivyohivyo. Chui alifika ufukweni, kweli. Kisha kwa miezi 7 hakuukaribia mlango wa bafu. Kuogelea kwa hofu si kujua kuogelea. Mbwa alikuwa anakimbia, ila ndani ya maji.

Mwenendo uliomrudisha ni huu, na ndio ninaowafundishia wote.

Siku ya 1 na ya 2: karai au ukingo. Rusha kipande cha mukene mkavu kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Akikila, kingine. Dakika 5, kisha nyumbani. Usimvute. Mbwa aliyeingia kwa hiari yake atarudi kesho.

Siku ya 3 hadi ya 5: tumbo. Mvike jaketi nyumbani kwanza ale nalo, alizoee. Ufukweni, tembea naye sambamba mpaka maji yamfike tumboni. Hapo wengi husimama. Simama naye. Usiseme maneno mengi.

Siku ya 6 na kuendelea: miguu inaachia ardhi. Hapa angalia kwa makini. Mbwa asiyejua hunyoosha miguu ya mbele juu ya maji na kuyapiga, chap, chap, chap, maji yakimrukia usoni, huku kiuno kikizama. Anaonekana kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Usimvute kwa kamba, utamzamisha pua. Pitisha mkono wako chini ya tumbo, karibu na mapaja, umwinue kidogo mpaka mgongo ulale sambamba na maji. Mara kelele ya kupiga maji inakatika. Miguu ya mbele imeingia chini, inapiga kasia. Kwa Chui ilichukua kama sekunde 10, na nilihisi mbavu zake zikilegea mkononi mwangu.

Ukishika kiuno hivyo, mwelekeze ufukweni, si kwenye kina. Mita 2 tu. Akigusa ardhi, msifu, mpumzishe, rudia mara 2. Basi kwa siku hiyo.

Onyo: kaa ubavuni mwake, usikae mbele. Mbwa mwenye hofu humpanda mtu, na kucha zake kwenye shingo na mabega hukata.

Ukifanikiwa: mgongo uko sambamba, mkia umenyooka nyuma kama usukani, miguu ya mbele haionekani juu ya maji, na anageuka mwenyewe kurudi ufukweni. Kugeuka ndilo jambo kubwa. Anayejua kwenda bila kujua kurudi bado hajahitimu.

## Hatua ya 8: Hesabu dakika majini

Barabarani mbwa husimama akanusa akapumzika. Majini hakuna kusimama, ndiyo maana dakika chache humwisha nguvu.

Mdogo aliyemaliza chanjo, miezi 4 hadi 6: dakika 2 au 3, maji yasiyo baridi, kisha taulo. Mkubwa anayeanza: jumla ya dakika 5, na mapumziko katikati. Ongeza dakika 2 au 3 kila wiki. Aliyezoea na mwenye afya: dakika 15 hadi 20, akitoka kupumzika kila baada ya dakika 5 hivi. Siku ya kuogelea, punguza matembezi kwa nusu.

Kuna hatari moja ambayo watu wengi hawaijui. Mbwa anayerushiwa fimbo au mpira majini hufungua mdomo kila anaposhika, na kila mara humeza maji. Akirudia mara nyingi, maji mengi hupunguza chumvi ya damu na ubongo huvimba. Utaona tumbo limejaa, anatapika, anayumba kama mlevi, mate yanatoka, ufizi umepauka. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyohiyo. Kinga yake ni rahisi: tumia kitu bapa badala ya mpira mkubwa, na baada ya kurusha mara 5 au 6 mtoe nje akojoe na kupumzika.

## Hatua ya 9: Baada ya maji

Msuuze kwa maji safi ya bomba, hasa akitoka ziwani au kwenye bwawa lenye klorini. Mkaushe mpaka chini ya kwapa na katikati ya vidole.

Masikio: funga kitambaa cha pamba kwenye kidole chako, futa pale kidole kinapofika, usisukume zaidi. Vijiti vya masikio viache. Mbwa mwenye masikio yaliyoanguka, kama Labrador, mnuse sikio kesho yake asubuhi. Likinuka kama chachu, uambukizo umeanza.

Kisha mpapase kupe: ndani ya masikio, chini ya mkanda, katikati ya vidole. Homa inayoletwa na kupe huua mbwa wengi hapa kuliko maji yalivyowahi kuua, na nyasi za ufukweni ndizo nyumba yao. Taulo zake zikaushe juani kabisa na uzipige pasi, maana nzi wa embe hutaga kwenye vitambaa vyenye unyevu na funza wake huingia chini ya ngozi.

Kesho yake mkia ukining'inia kama kamba iliyolowa, na akilia ukimgusa kwenye shina la mkia, usiogope sana. Misuli ya mkia imechoka kwa kuutumia kama usukani. Mpumzishe; kwa kawaida hupona ndani ya wiki. Lakini akikohoa, au akihema kwa shida akiwa amelala, ndani ya siku moja au mbili baada ya kuogelea, huenda kuna maji mapafuni, na hiyo si ya kungoja.

## Akizidiwa na joto

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Likipita 40 baada ya mazoezi, na anahema bila kukoma, ulimi mwekundu sana, anayumba, fanya hivi kwa mfuatano:

1. Simamisha kila kitu, kivulini.
2. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, tumboni na kwapani hasa, na umpepee. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linahifadhi joto.
3. Mpe maji kidogokidogo, asilazimishwe.
4. Baada ya kumpoza, ndipo umpeleke kwa daktari. Makerere kuna kliniki ya chuo cha tiba ya mifugo, lakini wahi palipo karibu nawe. Nenda hata kama ameonekana kupata nafuu; viungo vya ndani huharibika kimyakimya.

## Na yule asiyetaka maji?

Chui leo ana miaka 6. Anaingia mpaka tumboni, anakunywa kidogo ingawa namkataza, anaangalia ziwa, anarudi nchi kavu na kujikung'uta karibu yangu. Kuogelea anajua, nilimwona akifanya hivyo mara 4 kwa ukamilifu. Hataki tu. Basi sisi hutembea saa 1 kwenye nyasi za juu ya ufuo, na jaketi lake amerithi mbwa wa jirani.